Mipira Mirefu Siku ya Walungu

Mujukuu wangu Neema,

Hapa Ibanda tuko wazima, maman yako anakusalimia. Unauliza kwa nini timu yenu haifungi goli wapinzani wakirudi nyuma wote. Swali hilo limeniudhi, maana jibu ninalo, na linanikumbusha kosa langu.

Ujanani, timu ya Walungu ilitufanyia hivyo: walijaa karibu na goli lao, wakatuachia katikati. Mimi niliendelea kupiga mipira mirefu, kwa sababu ndiyo watu walikuwa wanashangilia. Yote iliishia kwa walinzi wao.

Rafiki yangu Bahati alikuwa wazi kando yangu, hakuna aliyemukaba. "Nipe hapa, tusogee pole pole."

"Nyamaza," nikamujibu.

Tulifungwa moja. Kocha akamufukuza Bahati, eti muvivu, anasimama tu bila mpira. Nilisikia, na sikusema kwamba ni mimi nilimunyima mpira. Hasira hiyo ningali nayo, na ni juu yangu mwenyewe.

Wewe, angalia kwanza aliye karibu.

Koko wako