Umra ya Esha binti Famau

Riyadh, Jumatano

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, mguu umepoa, na mahamri yanaisha mapema kama kawaida. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Uso tu ndio sina wa kukuonyesha. Nina jambo la aibu, na nataka ulipate kwangu kabla hujalisikia mtaani. Ndiyo maana nimempa barua hii Monicah, Mkenya mwenzetu anayetupikia hapa, anakuja likizo. Kwa simu ningekata mwenyewe kabla sijasema.

Unajua madam aliniruhusu niache kazi za nyumba yake kule Jeddah nije kwenye haya mashindano ya televisheni ya kuchora mikono. Huku hawataki michoro ya sindano isiyofutika, ni hina na piko nyeusi tu, mikono miwili kwa saa moja. Tulianza kumi na wawili, tumebaki watatu. Maua yako ya kiganjani ndiyo yaliyonifikisha hapa, na majaji wameyasifu sana.

Lakini kuchora peke yake hakutoshi. Mwanamke mmoja mtayarishaji wa kipindi alituita mmoja mmoja, akatuuliza tumebeba uchungu gani. Msudani alieleza vita, Mmisri akaeleza talaka yake. Mimi nilisema nina mama nyumbani Malindi, mzima, mcheshi, anauza mahamri. Akafunga daftari, akaniambia watu hawapigii kura mahamri. Unanijua nisivyopenda kushindwa. Nikamwambia ngoja, kuna jambo nimelificha.

Kipindi kiliporushwa, kura zangu zilipanda. Kisha madam akanipigia kutoka kwake Al-Safa, kule Jeddah, analia. Huyu ambaye kwangu neno lake ni yalla, haraka, na akimaliza ni halas, basi, alinitaka radhi, kwamba mwaka jana niliomba likizo akaninyima. Akaniuliza jina lako na la babako, nami nikampa: Esha binti Famau. Ijumaa akaenda Makka na magoti yake mabovu, akatufu kwa kuzunguka, akasai kwa kwenda na kurudi, akakufanyia umra.

Mama, umra ile ameifanya kwa niaba ya maiti. Nilisema mbele ya kamera kwamba ulikufa mwaka jana, na kwamba sikuruhusiwa kuja kukuzika. Machozi yalitoka ya kweli, na hilo linaniumiza kuliko uongo wenyewe. Watu wanamtukana madam mitandaoni, naye anaamini wana haki. Nimekuua wewe, na kaburi nikambebesha yeye. Najionea kinyaa.

Fainali ni Alhamisi ya wiki ijayo, inarushwa moja kwa moja baada ya Alasiri. Madam atakuwepo ukumbini. Zamu yangu ikifika, kabla sijashika hina, nitaomba simu nikupigie watu wote wakisikia, niseme huyu ndiye mama yangu na mimi ni mwongo. Wakinitoa, sawa. Madam akinirudisha Kenya, sawa pia. Kuna moja tu ninaloliogopa, nalo ni simu iite mpaka ikatike. Haki hiyo unayo, wala sitakulaumu.

Ukipokea, si lazima unisamehe, wala kusema lolote. Kohoa tu, wakusikie.

Nisalimie dada Bishara na wanawe, na majirani wote watakaokuja kutoa pole za kifo chako. Wapokee vizuri, kosa si lao.

Ni mimi mwanao, kama bado unaniita hivyo,

Mwanatumu