Paka Ambao Mwamba Alisema Wamekufa

Barabara ya Nzilo,
Kolwezi,
tarehe 16 Juni 2024

Mpendwa dada yangu mkubwa, yaya Florentine,

Jambo sana kutoka shambani. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Kisenge? Mumeo, tata Nkongolo, amepona kikohozi? Sisi huku tuna afya, mahindi yameingia ghalani, ila moyo wangu hauko sawa.

Unawakumbuka wale paka wa pori wanaolala nyuma ya ghala. Walizaana mpaka wakaanza kukamata vifaranga vya watu, na majirani wakataka kuwawekea sumu. Daktari wa mifugo, docteur Ruffin, alinishauri niwakamate kwa vizimba, yeye awafanyie operesheni wasizae tena, kisha niwarudishe hapahapa waendelee kufukuza panya.

Si kazi ya haraka, yaya. Kwanza nilifunga milango ya vizimba kwa kamba ibaki wazi, nikawawekea ndakala, wale dagaa wakavu, humo ndani kila asubuhi. Waliniogopa, halafu wakazoea. Hata yule jike wa rangi ya majivu, mwenye kutoroka akisikia kikohozi tu, alikuwa anakula huku mimi nimekaa karibu. Siku nilipoifungua ile kamba na mlango ukajifunga nyuma yake, alinitazama.

Mdogo wetu Mwamba ndiye aliyewapeleka mjini na pikipiki yake ya magurudumu matatu. Kundi la kwanza alilirudisha vizuri, masikio yamekatwa ncha kidogo kama alama. Safari ya kundi la pili alirudi na vizimba vitupu.

"Yaya, sindano ilibazidia nguvu," aliniambia. "Bote bamekufa ku meza ya docteur."

Nililia. Yeye mwenyewe alinishika bega akanituliza! Kisha nikawaeleza majirani, na wale waliotaka kuleta paka wao wakakataa.

Baadaye nikakutana na docteur Ruffin sokoni. Akauliza kwa furaha, "Mama Domitille, kidonda ya ule wa majivu ilipona?"

"Docteur, si walikufa mikononi mwako?"

Akaweka begi lake chini. "Mama, mi nilimupa Mwamba bote bazima."

Nilimwomba radhi palepale, watu wakisikia. Nyumbani Mwamba hakukana sana. Kuna patron mmoja, tajiri wa huko Musonoi, ana depo ya unga iliyojaa panya, na Mwamba anatafuta kazi kwake. Akampelekea paka wangu kama zawadi.

"Ni bapaka tu, yaya," akasema. "Bapaka ya pori. Mi natafuta maisha."

Angeniomba, ningemtafutia paka wengine. Lakini aliniona nalia kwa ajili ya uongo wake, akala ugali wangu jioni ile.

Nilikwenda Musonoi na vizimba. Mlinzi alisema wengi walitoroka kuelekea mashimo ya machimbo. Yule wa majivu alikuwa amefungwa shingo kwa waya kwenye nguzo. Kizimba hakutaka hata kukitazama. Nilimfunika kwa kitenge changu, akaniuma mkono, nikamrudisha hivyohivyo.

Mwamba amehama. Atakuandikia kwamba nimemfukuza kwa sababu ya paka. Yaya, nakusihi usinibembeleze kwa niaba yake sasa. Ni mtoto wa mwisho wa mama, najua. Ndiyo maana inauma hivi.

Wasalimie tata Nkongolo na watoto, Jémima na Gael. Mungu alinde nyumba yenu, na asiingie kwenu mtu mwenye maneno mawili.

Yule jike yuko hapa. Chakula changu hakili mpaka niingie ndani na kufunga mlango. Yeye hamjui Mwamba; mkono anaoukumbuka ni ule uliomfungia kizimba, nao ulikuwa wangu.

Mdogo wako anayekupenda bila kupungua,
Domitille