Mke Wangu Anamkimbia Jogoo wa Mama

Mshauri wangu mpendwa, nakuandikia kwa heshima na unyenyekevu nikiomba msaada wako kabla ya Jumapili, maana siku hiyo ndoa yangu itajadiliwa na wazee wa pande mbili, na chanzo cha mjadala wenyewe, uniwie radhi kukitaja, ni kuku.

Mimi ni mmiliki wa karasha la kusaga mawe ya dhahabu hapa Rwamgasa, mtu mwenye nafasi yake katika jamii, nina vijana wanaoshuka duarani, yaani shimoni, kuchimba kwa niaba yangu (mwenyewe sishuki, si kwa woga, bali kwa sababu hewa ya chini haipatani na kifua changu), na nimemwoa Violeth, binti wa Mzee Maganga wa Songwa, mwanamke mchapakazi, mcha Mungu, mama wa mwanangu Davis, asiye na kasoro isipokuwa hii moja, kwamba akimwona kuku aliye hai anatetemeka, jasho linamtoka, pumzi zinamkatika, na yuko tayari kuzunguka mtaa mzima ili asipite uani kwa Mama Eliya anayefuga, ingawa kuku huyohuyo akiletwa amekwisha kukatwa vipande anamla bila kinyongo, jambo lililonifanya niamini kwamba haya ni maringo.

Nilivumilia, nikawa nachinja na kunyonyoa mwenyewe, mwanamume mzima, nyuma ya nyumba, majirani wasione, lakini mwezi uliopita mama yangu mzazi, Bi. Mbuke, alikuja kutoka Ushetu na jogoo mwekundu kikapuni, kwa kuwa katika ukoo wetu mama mkwe hutoa kuku kwa mkono wake na mkamwana humpokea kwa mikono miwili akiwa amepiga goti, na kutompokea kuku ni kumkataa aliyemleta, basi Violeth akapiga goti, akaamkia, "Mwangaluka, mayo," kwa adabu zote, na mambo yalikuwa mazuri mpaka jogoo alipotoa kichwa, hapo mke wangu akaruka juu ya kochi, kisha akakimbilia chumbani na kujifungia, na mama akaniuliza mbele ya wageni, "Masalu, umeoa mtu au umeoa kifaranga aliyeona mwewe?"

Mdogo wangu Ndaki, kwa nia njema kabisa, alisubiri shemeji yake atoke, akamwambia, "Shemeji, woga wa maji huisha ukitupwa majini," akamrushia yule jogoo mapajani, na tangu hapo Violeth hakula wala hakulala, nasi tukaafikiana kwamba amelogwa, tukampeleka kwa mfumu, mganga wetu wa asili, ambaye huagua kwa kumpasua kuku na kusoma mabawa yake, na sharti lake ni kwamba mgonjwa amshike kwanza kuku huyo na kumtemea mate mdomoni. Violeth akaniambia, "Baba Davis, najua ni kuku tu, mimi si mjinga, ni mwili wangu ndio hausikii," nami nikamshika mikono ili shughuli ikamilike, akazimia, na mganga akasema kuzimia huko ni ushahidi tosha.

Kesho yake alimbeba Davis akaenda kwao Songwa, akidai eti utotoni shangazi yake alimfungia kwenye banda la kuku kama adhabu, na sasa mama ameamua kwamba Jumapili tutakwenda huko na jogoo mwingine, Violeth ampokee mbele ya wazee, na akishindwa, ndoa imekwisha. Nampenda mke wangu. Naomba unieleze namna bora ya kumshika ili apokee bila kuzimia.

Masalu, Rwamgasa.

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu Masalu, pokea pongezi zangu. Nimesikiliza ndoa nyingi za watu kupitia redio hii, lakini wewe ni wa kwanza kumpeleka anayeogopa kuku akatibiwe kwa kuku. Nashukuru kwamba haogopi moto, maana ungekwisha kumtafutia mganga mwenye tanuri.

Nanyi mnaosikiliza, mlioko majumbani na mlioko karashani, naomba mtulie, kwa sababu naijua minong'ono yenu. Anachougua Violeth si maringo wala si uchawi. Wataalamu wa afya ya akili wanakiita fobia, yaani hofu iliyokamata kitu kimoja na kukataa kukiachia. Huyu anaogopa kuku, yule sindano, mwingine radi, mwingine paka, na katika mambo mengine yote ni watu imara kukuzidi wewe unayewacheka. Kitu kile kikitokea, mwili hupiga kengele ya hatari kabla akili haijaulizwa maoni yake. Mkeo alikueleza hayo kwa sentensi moja, tena kwa ufasaha kuliko mimi, ukamjibu kwa kumshika mikono.

Unashangaa mbona anamla. Ndugu yangu, kuku wa kwenye sahani hapigi mabawa. Hata simba, akishaletwa kama mchuzi, sitamkimbia.

Kuhusu banda la kuku la shangazi, neno "eti" uliloweka pale linakuaibisha. Mtoto aliyefungiwa gizani na mabawa yakimpiga usoni ana haki ya kuyakumbuka. Wako pia wenye fobia wasiojua ilianzia wapi, nao wanaugua vilevile. Mathalani, namjua bwana mmoja mwenye karasha ambaye hewa ya chini ya ardhi haipatani na kifua chake. Vijana wake wanaivuta hewa hiyo kutwa nzima. Je, Ndaki akimfunga kamba kiunoni na kumteremsha kwa nia njema, bwana huyo atapona, au tutamsikia mpaka Geita mjini?

Nisikudhulumu. Kule kunyonyoa kuku nyuma ya nyumba ulikuwa upendo, na ndilo jambo pekee katika barua yako lisilohitaji msamaha, ingawa ulilifanya kwa kujificha kama mwizi. Lakini hofu inayokimbiwa kila siku hunenepa, na anayorushiwa mtu mapajani hunenepa zaidi. Tiba iko katikati, nayo ni ya polepole: picha kwanza, kisha unyoya mezani, kisha kuku aliye mbali nyuma ya wavu, kila hatua kwa ridhaa ya mgonjwa na chini ya macho ya mtaalamu. Wengi hupata nafuu kubwa. Atakayeamua lini asogee ni Violeth, wala si ukoo uliokaa kwenye viti.

Mama Mbuke, shikamoo. Najua unanisikiliza. Jogoo wako alikuwa zawadi ya heshima na hukukosea kumleta, kwani hukuambiwa. Sasa umeambiwa. Mila yenu inadai goti na mikono miwili; sidhani kama ilikusudia mkamwana apokee akiwa amezimia. Jaza kikapu michembe ya Ushetu, vile viazi vilivyokaushwa, umpe, na utaona kama binti huyu anakukataa wewe au anamkataa jogoo.

Wewe Masalu, usingoje Jumapili. Nenda Jumamosi, peke yako, ukamwambie mkeo kwamba ulimshika mikono pale alipokuomba umsikilize, na kwamba hutarudia. Ukimaliza, nyamaza. Akikubali kuzungumza nawe, muulize kama angependa mwende pamoja hospitali ya rufaa kuonana na mtaalamu wa afya ya akili, na akikubali, uingie naye, na wewe umweleze habari za kifua chako. Jumapili simama mbele ya wazee, useme kwa kinywa chako kwamba mkeo ni mgonjwa na hakumdharau mtu. Ndaki abaki Rwamgasa na vipaji vyake vya kurusha.

Na kikapu chenye manyoya kisipande gari. Mkienda Songwa na jogoo, mtarudi Rwamgasa na jogoo.