Vitufe Sita na Matone ya Mwalimu

Jumatatu, 3 Machi

Mashine ya breli imefika kazini! Vitufe sita tu, na kingine kirefu cha kuacha nafasi. Fundi anasema za mwanzo ziliigwa kutoka kwa taipureta, na hii yetu ni bibi kizee kati yao — inakohoa kila ikifika mwisho wa mstari. Miaka kumi na nane nimetoboa nukta kwa kibao na msumari, nikianzia kulia, kila herufi nimeigeuza, maana karatasi yetu husomwa upande wa pili. Mashine haigeuzi kitu. Inaandika kushoto kwenda kulia, basi. Bosi kasema anayeiogopa aseme. Nani aseme? Nimejikaza.

Alhamisi, 6 Machi

Mfamasia wa hospitali kaleta kazi: maelezo ya dawa mpya ya moyo ya Mwalimu — yule aliyenifundisha kusoma kwa vidole nikiwa na miaka saba. Anaishi peke yake siku hizi, anataka karatasi yake ya kujisomea. Nimeipiga chapuchapu. Mhakiki akataka kuipitishia vidole kwanza, kama kawaida yetu. Nikamwambia akanywe chai. Karatasi ikaondoka na mfamasia. Nimevimba kichwa leo, nakiri.

Jumanne, 11 Machi

Mhakiki kapitia hesabu za watoto nilizopiga jana. Penye tano nimeweka tisa. Kila penye tano! Wala hakucheka.

"Dada, vidole vyako bado viko kwenye kibao."

Ni kweli. Tano ukiigeuza ni tisa: nukta zile zile mbili, zimelalia upande mwingine. Nikacheka mimi. Halafu nikakumbuka dawa. Matone matano kila asubuhi.

Labda siku ile sikukosea. Labda. Nakala hakuna. Sijamwambia mtu, nimesingizia kichwa kinauma, nimeomba ruhusa.

Jumanne hiyo hiyo, mchana

Naandika kwa kibao, kwenye benchi la hospitali. Nikikaa bure nitapiga kelele.

Nilikwenda kwa Mwalimu, nimemkuta kaketi sakafuni jikoni, anatapika. Nimemshika mkono — mapigo yanaruka, yanasimama, yanaruka. Karatasi ilikuwa mezani. Nikaigusa. Tisa. Tangu Ijumaa anakunywa tisa!

Ndani ya teksi nikamwambia yote, huku nalia. Kumbe mfamasia alimtajia matano kwa mdomo. Mwalimu alishangaa kidogo karatasi iliposema vingine.

"Nikaifuata karatasi," akasema. "Wewe si nilikufundisha mimi?"

Sasa wamemlaza nyuma ya pazia, hatua tatu kutoka hapa. Nasikia kila kitu. Muuguzi kamuuliza alikuwa anakunywa matone mangapi. Kisha ile sauti yake ya darasani, imepungua tu:

"Matano, binti yangu. Kama nilivyoelekezwa."

Ananificha! Anadhani ananisaidia. Wakiamini ni matano watatafuta ugonjwa mwingine, na yeye atazidi kuzama mikononi mwao. Muuguzi anaandika, nasikia kalamu yake. Daktari ameitwa, viatu vyake vinakuja kwenye korido. Vimenipita. Pazia linavutwa. Na mimi bado natoboa karatasi, badala ya kusema. Basi, naweka msumari, naingia —