Zamu za babu usingizini

Mutindi, uko? Weka simu chaji kwanza, hii siwezi kukuhadithia nusu.

Unajua susu wangu Katunge, mama ya baba, na mke mwenza wake Syombua? Leo tumekula nao hapa Kyuso, pasta akiwepo. PASTA!

Susu akaanza mambo ya 1974. Eti babu akiwa kwake kwa zamu, usiku anaamka anaenda kwa Syombua. Susu akasema huyo mwanamke amemroga. Lakini kwa zamu ya Syombua, babu anatoka huko anakuja kwa susu. Hapo hakusema uchawi. Alisema ni mapenzi!

Wivu ukamzidi. Akafunga mguu wake na wa babu kwa kamba ya mbuzi. Usiku kamba ikamvuta. Akaburutwa uani akipiga kelele, na mzee hasikii, macho wazi kabisa! Babu akabisha kwa Syombua.

Syombua akafungua, akainua taa, akamwambia susu:

"Mama Nzioka, huyu amelala!"

AMELALA. Miaka miwili wanagombania mtu aliye usingizini! Asubuhi babu hakukumbuka chochote, akauliza nani alimfunga kama mbuzi.

Tumecheka, hata pasta. Syombua akasema, "Basi tulikuwa sawa tu."

Susu akaweka kikombe chini. Babu alikufa '96, lakini ungeona macho ya susu.

"Sawa wapi? Kwako alibisha. Kwangu alikuwa anaingia tu."