Nimeishia Nelion

Ruiri, Meru
Januari

Kaka Mwadime,

Natumaini hapo Wundanyi mko wazima, wewe na wifi Mkamburi na watoto, na kwamba goti la Mama limepata nafuu. Mimi mwili uko salama, ila vidole vya mkono wa kushoto bado vina ganzi na midomo imebabuka. Shule imefunguliwa na ninafundisha. Moyo ndio haujatulia, na ndiyo sababu nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningeanza kufoka, na wewe huna kosa.

Najua Mama bado amenuna kwa ajili ya Krismasi. Niliwaambia nina kazi huku. Haikuwa kazi. Nilikuwa napanda Mlima Kenya, na nataka ulijue jambo lote, kwa sababu Krismasi nimeikosa na kilele pia nimekikosa.

Wewe ndiye ulinipeleka juu ya mlima wetu wa Vuria nikiwa darasa la nne, ukanionyesha nchi yote ya chini, na tangu siku ile sijapona. Nilipohamishiwa huku nilijiwekea nia ya kusimama juu kabisa ya milima mitano mirefu ya Kenya. Elgon nilifika, upande wetu wa mpaka. Satima na Kinangop nikamaliza. Cherangani nilinyeshewa mpaka nguo za ndani, lakini nilifika. Ukabaki huu ninaouona kila asubuhi nikienda kuteka maji. Watu wengi hupanda mpaka Lenana, kwa sababu pale mtu hufika kwa miguu tu, wanapiga picha na kusema wamemaliza. Hata mimi nilisema hivyo, na ile picha mmeitundika sebuleni. Lakini Lenana ni kilele cha tatu. Cha pili ni Nelion. Kilele chenyewe ni Batian, na hukifikii bila kamba.

Basi mwaka mzima nikajifunza kamba, mimi na Kinoti, mwalimu wa hesabu hapa shuleni. Aliyetufundisha ni Mutwiri, mtu wa Chogoria ambaye kazi yake ni kuongoza wapandaji. Yeye ndiye aliyesema twende Desemba, kwa sababu wakati huo ndipo mwamba wa upande wa kusini, tuliotaka kupandia, huwa mkavu.

Tulipanda polepole kama alivyotaka. Kwenye kambi ya mwisho, kando ya barafu, Kinoti hakula. Nilipomuuliza alisema ugali wa Mutwiri haujaiva, tukacheka. Kulipopambazuka tukafungana kamba, Mutwiri mbele, mimi katikati, Kinoti nyuma. Kila nikimwambia, "Njoo," alikuwa anachelewa kujibu. Nilidhani ni upepo.

Tulifika Nelion mchana. Kaka, Batian iko pale mbele yako. Ni kama kutoka mlangoni kwetu hadi geti la kanisa, ila katikati kuna pengo lenye barafu, unashuka kwa kamba na kupanda tena. Juu ya Nelion kuna kibanda cha bati cha kuingia kwa kutambaa. Mpango ulikuwa tulale humo, asubuhi tuvuke.

Kinoti akakaa chini. Alijaribu kuvua glavu akashindwa. Akaniita Kagendo, jina la dada yake. Mutwiri akaweka sikio mgongoni mwake, akasikiliza.

"Mwalimu, huyu ana maji kwa mapafu," akaniambia. "Tunashuka."

"Hawezi kupumzika kibandani? Mimi na wewe tuvuke sasa hivi, turudi."

"Tukirudi hapa jua itakuwa imeenda. Na yeye pia atakuwa ameenda."

Alisema bila kupandisha sauti, huku mikono yake inafunga mafundo. Kinoti akainua kichwa.

"Nendeni tu. Wakesho amengoja sana."

Nikamuuliza alianza kuumwa lini. Akasema tangu kambi ya kwanza. Kichwa kilikuwa kinapasuka, alikuwa anaenda kutapika nyuma ya mawe.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema turudi."

Ni kweli ningesema turudi. Tungeshuka kidogo, tungelala siku mbili, angezoea hewa, na pengine sote watatu tungefika. Nilitaka kumpigia kelele pale pale, lakini mtu mwenyewe pumzi yake ilikuwa inakoroma kama bomba lenye hewa. Nikaitazama Batian mara moja, nikageuka.

Tulimshusha kwa kamba, kipande kwa kipande. Mutwiri anatangulia kumpokea, mimi nabaki juu naye, namkaza mikanda, namwachilia. Vidole viliganda hapo. Jua lilikuwa linazama tulipofika kwenye barafu, na wapagazi wa kikundi kingine wakatusaidia kumbeba. Kadiri tulivyoshuka ndivyo alivyorudiwa na akili. Hospitalini walimwekea oksijeni, na baada ya siku chache akaenda kwao kwa miguu yake.

Namshukuru Mungu kwamba yu hai, usinielewe vibaya. Lakini watu hawaniachi. Mwalimu mkuu alitangaza kwenye gwaride la kwanza kwamba nimefika kilele cha Mlima Kenya, wanafunzi wakapiga makofi. Nilimfuata ofisini nikamwambia nimeishia Nelion. Akasema, "Si ni mlima ile ile?" Sokoni wananiita mwalimu wa mlima, na nimechoka kuwasahihisha. Mama yake Kinoti alileta mukimo, vile viazi vya kuponda na mahindi, na kuku, akanishika mikono yote miwili, akaomba kwa Kimeru akilia. Nilisema amina, lakini kile chakula sikukionja, kwa sababu nilikuwa bado nimemkasirikia mwanawe.

Jumapili Kinoti mwenyewe alikuja baada ya kanisa. Amekonda. Alisema amesikia kwamba mimi na Mutwiri tutajaribu tena Agosti, upande wa kaskazini, ambako mtu hupanda Batian moja kwa moja.

"Nitafanya mazoezi," akasema.

"Sitafungana kamba na wewe tena, Kinoti."

Sikulainisha. Nilimweleza kwamba mtu akiwa kwenye kamba yangu na kunidanganya kuhusu pumzi yake, amenidanganya kuhusu yangu pia. Alimaliza chai yake, akaaga.

Mpe Mama salamu na umwambie ukweli wote, kisha umwambie Aprili nitakuja, hata akitaka kunigombeza. Msalimie wifi Mkamburi, na mwanao mdogo, na mzee wa kanisa anayeniombea bila kujua mimi huwa wapi. Shangazi mwambie viatu alivyoninunulia havijapasuka.

Kinoti alipofika mlangoni aligeuka, akauliza kama basi angeweza kutubebea chakula mpaka kambi ya kwanza, halafu arudi. Nikamwambia anaweza, ila kila asubuhi nitamuuliza anaendeleaje, na atanijibu.

Ni mimi dada yako,
Wakesho