Doroteya Amepata Mwalimu wa Kucheza

Mama,

Nakuandikia kwa kalamu ya risasi, kwa sababu wino ni wa darasani na Masera, mtawa wetu, anaupima kwa macho. Nimekaa chini ya ukuta wa kanisa, upande usiopigwa na upepo. Wenzangu wako mtoni wanafua. Nimewaambia ninafanya zoezi la kuandika barua, na huo si uongo mkubwa.

Tulifundishwa kwamba barua huanza na habari za afya. Basi, mimi ni mzima. Papa ni mzima, ila amekonda, na siku hizi akikamua ng'ombe hazungumzi nao. Doroteya ni mzima. Nawe, hapa ningeandika "natumaini nawe u mzima", maana ndivyo tunavyofundishwa. Nimeacha nafasi.

Nianze na Doroteya, kwa sababu ndiye uliyeniachia.

Unakumbuka vakansi ya Noeli, shule ilipofungwa, siku ile uliyokaa mlangoni ukichambua maharage, ukipumzika kila baada ya kiganja kimoja? Doroteya alikuwa anazunguka uani, mikono juu, akiiga pembe za ng'ombe wetu Bihogo. Ukaniambia, "Huyu umutafutie mwalimu wa kucheza. Mimi pumzi imeniishia. Na weye siwezi kukutegemea, unacheza sawa jiwe la kusagia." Tulicheka mpaka ukaanza kukohoa, na kikohozi kile kilikaa muda mrefu kuliko kicheko.

Nilirudi shuleni nikifikiri umenituma jambo dogo. Sikuelewa, Mama. Mwalimu wa kucheza, kwetu, hafundishi mikono na miguu tu. Msichana anakaa kwake. Anasuka naye mikeka, anamchotea maji, analala na binti zake, na siku ikifika ni huyo mama anayemwambia yale ambayo mama humwambia binti yake. Wewe ulikuwa unamtafutia Doroteya mama mwingine. Mimi nilidhani tunaongea habari ya ngoma.

Habari yako niliipata ukiwa umeshazikwa. Masera aliniita kutoka darasa la hesabu. Alisema walikubeba kwa kipoyi, ile machela ya miti, kwenda dispanseri, kwamba mto ulikuwa umejaa, kwamba wabebaji walingoja maji yapungue. Baadaye Papa aliniambia kwamba mlingoja tangu asubuhi hadi jua lilipopita vichwa vyenu, na kwamba uliomba wakugeuze uso uelekee nyumbani, wakakugeuza. Ulitubeba sisi wote wawili mgongoni, mimi ulinibeba kutoka Rwanda nikiwa bado nanyonya, na siku ulipobebwa wewe, mto mdogo vile ukawazuia wanaume wanne.

Padri alikusomea misa hapa. Niliimba. Masera akanishika bega akasema, "Kilio cha Mkristo kinaisha na misa, mtoto wangu. Sasa futa machozi." Nikayaweka maneno hayo moyoni kama ninavyoweka kila anachosema. Kumbuka hilo, kwa sababu ndilo lililoniangusha.

Nilipofika nyumbani vakansi ya Pasaka, Papa hakunikaripia wala kunibembeleza. Alikuwa anamfunga ndama kamba. Alisema bila kuniangalia, "Veronika, mimi niko na ng'ombe kule juu siku zote. Mutoto mwanamuke siwezi kumulea mu majani. Umutafutie mama mbele vakansi iishe. Kama hakuna, weye utabaki hapa." Akaendelea na kamba yake.

Unajua nimebakiza kidogo tu shuleni, Mama. Nikimaliza nitakuwa monitrisi, nitafundisha watoto wadogo kusoma. Wewe ndiye uliyembana Papa mpaka akaniruhusu.

Nilikuwa nimeshawauliza Mamasera kama watampokea Doroteya, kwa sababu wana wasichana wanaocheza siku ya sikukuu ya misioni, wamevaa meupe, wanazunguka kwa mstari. Masera mkuu aliniuliza kama meno ya mbele ya mdogo wangu yameshang'oka na kuota tena. Nikasema bado. Akasema, "Basi bado."

Kwa hiyo alibaki Shangazi, dada ya Papa. Na kweli, kwa mikono hakuna anayemshinda sasa, wewe ukiwa hupo. Wasichana wote wa kilima chetu wanakwenda kwake, wanasuka mpaka jua lipungue, kisha wanasimama na kupiga makofi na kuanza kuinua mikono pole pole kama pembe zinazoota. Kila mtu aliniambia ni huko. Damu ni damu.

Nilimwosha Doroteya. Nilimpaka siagi. Nilimvika kile kitambaa chako cha rangi ya udongo, nikakikunja mara mbili kiunoni. Tukashuka, na njiani tukapita boma letu. Dume lilikuwa limefungiwa peke yake upande wa chini, mbali na majike. Nililiona, Mama. Doroteya hata alilipungia mkono. Nikapita.

Kwa Shangazi, wasichana walikuwa wameshasimama. Mmoja akasema, "Na huyu kinda la kuku ametoka kwa yai gani?" Wengine wakacheka, si kwa ubaya, wakampa nafasi katikati. Doroteya hakungoja kuambiwa. Aliinua mikono. Mama, aliinua kama wewe. Sijui aliipata wapi ile namna yako ya kuchelewesha mkono wa kushoto kidogo, kama ng'ombe anayesikiliza. Wasichana waliacha kucheka. Nilijiambia kazi imekwisha, amepata.

Ndipo Shangazi akatoka na kibuyu cha maziwa.

Hakupiga kelele. Aliweka kibuyu chini, akaja akaishika mikono ya Doroteya na kuishusha kwa nguvu, mmoja, kisha mwingine. Akaniuliza, "Veronika, dume la baba yako liko wapi?"

Nikasema liko bomani.

"Liko na majike?"

Hapo nikaelewa. Liko peke yake, kama linavyotengwa kwetu mpaka kilio kiishe. Kilio hakijaisha. Dume halijarudishwa, nywele hazijanyolewa, na mimi nimemleta mtoto wa marehemu acheze mu uwanja wa watu.

"Binti yangu anaolewa kisha mavuno," alisema. "Na weye unanimwagia kifo hapa, mu miguu yake. Huko kwa Mamasera wanawafundisha nini? Hata macho wanawatoboa?"

Nilisema misa imeshasomwa. Wasichana waliniangalia kama mtu aliyetapika. Yule wa kinda la kuku alikuwa amejiziba mdomo kwa mkeka wake.

Shangazi si mtu mbaya. Nimefikiri sana na siwezi kumchukia. Alikuwa anamwogopea mtoto wake kama nilivyokuwa namwogopea wangu. Lakini alisema hatamchukua Doroteya, si sasa wala baada ya dume kurudi, kwa sababu kila atakapomwona ataikumbuka siku ile.

Njiani Doroteya hakulia. Tulipofika kwenye mtelemko aliniuliza, "Dada, mikono yangu imekosea wapi?"

Nilimwambia haikukosea. Nilimwambia kosa ni langu, nikamweleza habari ya dume na misa, kwa utaratibu, kama tunavyofundishwa kueleza. Alisikiliza yote. Kisha akaiweka mikono chini ya kwapa, akaibana. Alikula akiwa amebana mkono mmoja. Alilala hivyo. Kesho yake aliendelea hivyo, na keshokutwa pia, na Papa alipomwita aje amshikie ndama, alikuja akasimama tu.

Ndivyo ilivyo, Mama. Ulinipa mtoto anayecheza, nami kwa siku moja nikamfunga mikono.

Zilipobaki siku tano vakansi iishe, nilimchukua mpaka kwa Mama Bahati, jirani yetu wa jamii ya wakulima. Usishangae. Najua mlivyogombana ng'ombe wetu walipomaliza maharage yake, na najua jinsi ugomvi ulivyoisha, wewe ukimpelekea maziwa naye akikuletea mbegu. Wakati wa kilio chako alileta kikapu cha viazi, akakaa nje kabisa na wanawake wa kwao, kwa sababu ndani kulikuwa watu wetu. Sikwenda kumwomba. Nilikwenda kumrudishia kikapu.

Alikuwa na wasichana sita, binti zake na wa majirani, wametoka kulima, matope mpaka magotini. Walikuwa wanacheza ile ya kwao ya miguu, aliyofundishwa na mama yake aliyezaliwa Buleusa, kule msitu unakoanza. Walifunga njuga, wakakanyaga ardhi kama wanaoamsha mtu. Mama Bahati aliniona nimesimama, akapaza sauti, "Eh, mama wa shule! Umekuja kutufunza ao kujifunza?"

Nikamwonyesha kikapu. Yeye alikuwa anamwangalia Doroteya.

"Huyu iko na baridi?"

Nikasema hapana. Nikasema hataki kutoa mikono. Nikamweleza yote, na nikamwambia wazi kwamba kilio chetu hakijaisha, ili asije akasema nilimficha.

Alikichukua kikapu mkononi mwangu. Akasema, "Dume iko yenu. Hapa kwangu hakuna dume, kuko mbuzi tu, na yeye hana adabu." Wasichana wakacheka. Kisha akachuchumaa mbele ya Doroteya. "Mikono uache palepale, mama. Mimi sina kazi nayo. Niko nataka miguu. Unayo miguu?"

Doroteya akatazama miguu yake, kana kwamba anahakikisha.

"Ni miwili," alisema.

"Ndiyo vile. Inatosha."

Akasimama mwisho wa mstari, mikono kwapani, akakanyaga. Alikanyaga vibaya, nje ya makofi. Msichana wa mbele akageuka akasema, "Weye, utaua viazi!" na Doroteya akakanyaga kwa nguvu zaidi. Tulikaa mpaka wakamaliza. Nilipomwita twende, alisema, "Bado."

Nikamwomba Mama Bahati. Aliniuliza kama najua watu wetu watasema nini. Nikasema najua. Akauliza kama Papa anajua. Nikasema hajui. "Basi aje yeye, aniambie na mdomo yake," alisema. "Na mutoto akikaa kwangu atalima. Sitamweka kwa kiti. Na masomo akifikisha umri ataenda, sawa wangu."

Papa alikasirika, Mama. Alisema watamcheka kila kilima, kwamba ng'ombe zake zimezaa mtoto wa jembe. Shangazi alituma mtu kusema tunamtupa mtoto wa ndugu yake kwa wageni, yeye aliyemkataa. Siku mbili Papa hakusema nami. Ya tatu alichukua fimbo yake akashuka kwa Mama Bahati peke yake. Aliporudi aliniambia maneno mawili tu: "Nitapeleka maziwa." Na anapeleka, kila asubuhi, yeye mwenyewe.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata kwenye kitubio sijalisema, kwa sababu sijui ni dhambi gani. Mama Bahati alipokubali, kitu cha kwanza kilichoniingia moyoni hakikuwa furaha ya Doroteya. Nilifikiri: nitarudi darasani. Niliziona kaye zangu, daftari zangu za masomo, nikaona na nafasi yangu kwenye benchi. Doroteya nilimfikiri baadaye. Muda mfupi baadaye, lakini baadaye. Tangu hapo najiuliza, nilimchagulia yeye, au nilijichagulia mimi? Ungekuwepo ungeniambia kwa kuniangalia tu.

Siku ya kuondoka alishika upindo wa gauni langu mpaka kwenye mgomba wa mwisho wa shamba. Wasichana wakamwita, naye akauacha. Walikuwa wamemfunga njuga mguu mmoja, za mguu wa pili hazijatosha. Nilisikia mlio wa mguu mmoja mpaka nilipovuka kilima.

Juzi mume wa Mama Bahati alipita hapa akitoka Pinga kununua chumvi, akaomba kuniona. Alisema kilio kimemalizwa. Papa amelirudisha dume kwa majike, amenyoa nywele. Doroteya alipelekwa aone. Alilitazama dume muda mrefu katikati ya ng'ombe wengine. Mama Bahati akamwambia, "Ona, sasa kila kitu kimefunguliwa." Doroteya hakuinua mikono. Anaitoa kwa kulima, kwa kula, kwa kumshika mtoto mdogo wa pale. Kwa kucheza, bado inakaa kwapani. Mama Bahati anasema tusimguse, tungoje. Nilimwuliza yule mume wa Mama Bahati kama Doroteya anacheka. Akafikiri, akasema, "Mara moja moja." Namshukuru kwamba hakunidanganya.

Wenzangu wanarudi kutoka mtoni, nawasikia. Kwa heri, Mama. Popote walipokugeuzia uso, upumzike.

Ahadi yangu ni hii. Vakansi kubwa ikianza, sitapita nyumbani kwanza. Nitakwenda moja kwa moja kwa Mama Bahati, nimkalishe Doroteya peke yake, nimuulize kama anataka kubaki. Sitamwuliza kwa namna ya kumfundisha jibu. Akisema abaki, nitarudi kumaliza masomo, na nitaendelea kuuliza kila vakansi. Akisema "twende", nitamchukua twende nyumbani, nibaki naye. Kaye zangu nimeshamwambia mwenzangu wa benchi zitakuwa zake. Alidhani natania. Nimeziandika jina lake kwa ndani, kwa risasi hii hii.

Mtoto wako,
Veronika